Somo, namba aliyonipa askari ni ya jirani yangu

Shikamoo Somo,

Mimi hukusoma kila wiki na nacheka shida za watu weee, sasa Mungu kanigeuzia na mimi. Naomba unifiche jina. Nina miaka 36, nimeolewa, watoto watatu, nakaa upande wa Kisauni, mtaa siutaji kwa sababu ni mdogo, mtu akichemua huku kule wanamjibu yarhamukallah.

Kazi yangu nauza madera na leso. Nachukua mzigo mtaa wa Biashara kule mjini, napiga picha naweka status, anayetaka nampelekea hadi mlangoni. Bwanangu alikuwa na Vitz yake ya zamani akaniachia nifanyie kazi, si gari ya kujivunia, indiketa moja ya nyuma inawaka ikijisikia na bima inaisha mwisho wa mwezi huu, lakini leseni ninayo na sijawahi kugonga hata kuku.

Sasa Ijumaa ya juzi nlikuwa nimebeba madera 14 ya sare, harusi ni kesho yake Mtwapa, na fundi alikuwa amenichelewesha mpaka saa kumi na moja na nusu jioni. Pale Kongowea foleni haisongi, mwenye harusi anapiga nakata, anapiga nakata, mara ya saba nikaona huyu mtu atakufa kwa presha nikapokea nikaiweka simu sikioni. Sikatai Somo, gari ilikuwa inatembea na simu iko sikioni. Mbele huko nikapigwa mkono.

Askari mwenyewe hata si mkali, angekuwa mkali ingekuwa afadhali. Akaniomba leseni kwa adabu, akaitia mfukoni, akazunguka akafungua mlango wa kushoto akaketi juu ya madera ya watu. Akaniambia madam songa mbele kidogo tusizibie wenzetu. Nikasonga. Ndo akaanza, kwamba kosa langu ni la korti, leo Ijumaa, gari italala stesheni mpaka Jumatatu, Jumatatu twende Shanzu kortini na faini yake haipungui elfu kumi, halafu akanyamaza akawa anaangalia nje kama mtu anayengoja feri. Nikamwambia afande hizi nguo ni za harusi. Akasema basi si tusaidiane mamangu, elfu mbili tu uende zako. Sina keshi. Akasema hata yeye hashiki keshi, akanitajia namba kwa kichwa harakaharaka bila kuangalia popote.

Somo, naibonyeza ile namba, sijafika mwisho, simu yenyewe ikanitolea jina. Jina nililoliseva mimi kwa mkono wangu. Nimuite Mama Viazi, si jina lake, lakini viazi karai anauza kweli, kibanda chake kiko hapo barabarani hatua chache kutoka wanaposimama hao askari. Ni jirani yangu mlango wa tatu. Na si jirani tu, ndo mweka hazina wa chama chetu, tuko wanawake 12, kila Alhamisi natuma 1,000 kwa namba hiyohiyo, ndo maana simu inaijua.

Nilituma. Mikono yatetemeka, nikatuma. Leseni ikarudi, askari akashuka akaniambia madam safari njema. Harusi ilikwenda vizuri, nguo zilipendeza, mimi sikulala.

Sasa sikiza huyu mwanamke ni nani kwangu. Mamangu alipofariki mwaka juzi, Mama Viazi alifunga kibanda wiki nzima, alikuwa mmoja wa waliomuosha, na siku zote za matanga ndo alikuwa jikoni. Mwanangu wa mwisho alipopata degedege usiku wa manane, ndo alitoka na kanga moja akasimamisha tuktuk. Mimi siwezi kuhesabu mema yake. Na huyohuyo ndo anapokea pesa za watu wanaominywa barabarani? Tangu lini? Kwa ngapi? Halafu anatuuliza michango kwa sauti tamu "wanangu Alhamisi imefika".

Jumatatu yake nilimtuma mtoto viazi vya hamsini, akarudi navyo na vimezidi viwili juu na ukwaju kando. Sikuweza kula. Alhamisi nikatuma mchango kama kawaida, na ukiangalia meseji zangu Somo, 2,000 ya askari na 1,000 ya chama zimepangana moja juu moja chini, jina moja. Nimeanza kuwaza hata chama chetu kimechanganyika na nini. Na zamu yangu ya kupokea ni wiki tatu zijazo, hiyo 12,000 nimeshaipangia mzigo wa Idi.

Nimemwambia bwanangu akasema nyamaza kimya, wewe ndo ulitoa, ukifungua mdomo wa kwanza kulala ndani ni wewe. Ndugu yangu mdogo yuko chuo, yeye kaniambia nimpe skrinshoti airushe Facebook ijulikane. Kila saa ananikumbusha. Mimi namchukia yule mama na siwezi kumchukia. Nimripoti? Nimuulize? Nitoke chamani kimyakimya? Nambie nifanye nini maana hata nikipita pale kibandani naangalia upande wa pili kama mwizi.

Mwenye Vitz, Kisauni

SOMO ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwanza. Pole ya ile jioni, halafu pole ya wiki zote hizi ambazo umekuwa ukipita kibandani umegeuza shingo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nikafanya uchokozi kidogo, nikahesabu. Askari umempa kisa kimoja, akashuka akakuambia safari njema na kwako wewe habari yake ikaishia hapo, hukumtaja tena ila kwa zile pesa. Mama Viazi umemjazia barua yote iliyobaki. Yule aliyekukalia juu ya nguo za watu umemsamehe bila kujua, na yule aliyemuosha mamako ndo unamlalia macho. Sisemi umekosea. Nasema tuuangalie huo uchungu unatoka wapi hasa, kwa sababu mtu mgeni hawezi kutusaliti, anayetusaliti ni wa kwetu, na mimi naona hapo ndipo palipokuuma, zaidi ya hata hizo elfu mbili.

Tuanze na elfu mbili zenyewe lakini, kwa sababu kuna kitu nataka ukijue na nakuomba usikasirike ukikijua. Kanuni za makosa madogo ya barabarani zilizotoka 2016, chini ya ile Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, zinataja dereva anayetumia simu gari ikitembea. Faini iliyoandikwa pale ni shilingi 2,000. Ndio. Hizohizo. Kutofunga mshipi ni 500. Kwa hivyo ile "haipungui elfu kumi" ilikuwa ya kukutisha tu, bei uliyolipa ndiyo bei ya serikali, ila haikwenda kwa serikali na hukupata risiti. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilicheka, halafu nikanyamaza.

Na ile habari ya Ijumaa. Ijumaa jioni kila dereva Mombasa anajua ni siku ya kutishiwa, "gari italala mpaka Jumatatu" ni wimbo. Lakini katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, inasema mtu aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, na kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita hatakiwi kuwekwa rumande. Kwa kosa kama lako mngeenda kituoni, ungeomba dhamana ya pesa taslimu, ungedai risiti, ungepewa siku ya kwenda kortini ukaenda nyumbani. Nasema "ungeomba" na "ungedai" kwa makusudi, kwa sababu hivi vitu mara nyingi havitolewi bila kuombwa, na mwanamke peke yake, magharibi inaingia, nguo za harusi ziko garini, simu inalia, si rahisi kukumbuka vifungu vya katiba. Mimi niliyeketi hapa chini ya feni nakuandikia ni rahisi kusema ungefanya hivi ungefanya vile. Na pengine ungefika kituoni ukakalishwa benchi mpaka saa tatu usiku na mwenye harusi akavaa dera la zamani. Hiyo pia ingekuwa gharama na usijifanye haingekuwepo.

Basi sikulaumu, lakini pia sikuoshi. Ulitoa. Unajua ulitoa, ndo maana hulali.

Sasa Mama Viazi. Wewe umeshamuweka kwenye kiti cha mshtakiwa, umemsomea shtaka, ushahidi wako ni namba. Mimi naomba nikusumbue na maswali. Kibanda chake kiko wapi? Barabarani. Juu ya ardhi ya nani? Bila shaka ni pembeni ya barabara kuu kama vibanda vingine vyote, sehemu ambayo mtu yeyote mwenye sare akiamka vibaya anaweza kumwambia ondoa karai lako hapa. Askari wanasimama hatua chache kutoka kwake, mchana kutwa, wanakula viazi vyake, pengine wanalipa pengine hawalipi. Siku moja mmoja anamwambia mama naomba nipokelee pesa kwa simu yako, jioni nitakuja unipe keshi. Unafikiri ana njia gani ya kusema hapana? Na ya pili akasema ndio, ya tatu hakuulizwa tena.

Au labda si hivyo. Labda anakatiwa chake, mia kwa kila elfu, na anajua fika pesa ni za nini, na amezoea. Hilo pia liko na sitakuficha, mtu anaweza kuosha maiti ya mamako kwa moyo safi kabisa na bado akawa na mkono kwenye jambo chafu, binadamu hajawahi kuwa kipande kimoja. Au labda aliambiwa ni pesa za kuuziana, deni, sijui nini, hakuuliza. Wewe hujui. Mimi sijui. Mwenye kujua yuko mlango wa tatu kutoka kwako.

Na hapa ndipo nilitaka kufika tangu nianze kuandika. Ulipotuma zile pesa, simu yako ilikuonyesha jina lake. Sawa. Na simu yake ilimuonyesha nini?

Jina lako mwanangu. Majina yako, 2,000, saa na dakika. Ijumaa jioni, si Alhamisi, na si 1,000 ya chama. Yeye naye alikuwa na simu mkononi. Askari alipokuja kuchukua keshi yake huyu mama alikuwa tayari anajua ni nani aliyeminywa. Umekaa wiki mbili unajiuliza kama umuambie unajua, na yeye amekaa wiki mbili hizohizo anajua kwamba unajua, anakungoja. Mna meseji nyote wawili.

Rudi sasa kwa vile viazi viwili vya juu na ukwaju kando. Labda ilikuwa msamaha ambao mdomo haukuweza. Labda ilikuwa kukuziba mdomo, viazi viwili usiseme. Au labda ni kawaida yake kwa mtoto wako na ni wewe siku hiyo ulihesabu kwa mara ya kwanza. Ulikuwa ukivihesabu kabla?

Kwa hiyo hapo kwa kumuuliza, mimi naona mlango uko wazi kuliko unavyodhani, lakini si mlango usio na hatari. Ukienda, usiende kibandani, pale pana masikio na pana sare. Usimuulizie chamani mbele ya wale kumi wengine, hiyo itakuwa kumvua nguo. Na usimuandikie meseji wala vois, maneno kama haya yakishaingia kwenye simu yana miguu. Nenda kwake baada ya isha, watoto wamelala, kwa mguu wako. Na ukifika usianze na "kwa nini unapokea", anza na lako, sema mama ile Ijumaa nilisimamishwa nikatoa pesa, niliona aibu na bado naiona. Halafu nyamaza umsikize. Ujitayarishe kwa jibu lolote, anaweza kulia, anaweza kukukana macho makavu, na anaweza kukuambia "na wewe kwani nani alikulazimisha kutuma?" Hilo swali la mwisho kalitafutie jibu nyumbani kabla hujavaa viatu, kwa sababu kama hulina utarudi na hasira maradufu. Kuna na hatari nyingine ambayo sipendi kuitaja ila ipo, akiogopa anaweza kumwambia yule askari kwamba umeanza maswali, na askari anaijua gari yako na unapita pale kila siku na indiketa yako inayowaka ikijisikia. Wewe unamjua huyo mama kuliko mimi. Ni mtu wa kukimbilia kwa nani akiogopa?

Kuripoti. Hapa bwanako kasema kweli nusu, na nusu ya kweli hutisha kuliko uongo. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea wote wawili, na adhabu yake imeandikwa mpaka miaka 10 jela au faini mpaka milioni 5 au vyote. Kwa hiyo hajakudanganya. Alichoacha ni kwamba sheria hiyohiyo ina sehemu ya kumlinda mtoa habari, na kwamba kuna namna za kupeleka habari bila kutaja jina. EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, wana namba ya bure 1551 na wana njia ya kuripoti mtandaoni bila kujitambulisha, na IPOA, ile mamlaka ya kuwasimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, kazi yake ni malalamiko kama haya. Lakini wewe una jambo la ndani, umetoa, na ningekuwa wewe nisingeanza huko kabla sijaketi na mtu wa sheria. Hapa mjini tuna MUHURI, tuna Haki Africa, watu waliozoea kesi za raia na polisi, unaweza kwenda ukauliza "mtu akiwa katika hali kama hii" bila kusema huyo mtu ni wewe, wamesikia hiyo "mtu fulani" mara nyingi sana hawatashangaa.

Lakini angalia ushahidi wako vizuri kabla hujaupeleka popote. Skrinshoti yako inamuonyesha nani? Askari hayumo. Hakuna jina lake, hakuna namba yake, hata sura yake wewe hujaniandikia. Sheria ya polisi inawataka wakiwa na sare waweke jina au namba yao ya kazi mahali inapoonekana, wewe uliona? Au kile kikoti cha rifleka kilikuwa kimefunika? Huo ujumbe unamuonyesha mwanamke muuza viazi, na unakuonyesha wewe. Ndo uzuri wa mpango wao, si kwamba hashiki keshi kwa sababu ya usasa. Akishikwa mtu, ni mama na karai lake, na askari kesho anatafuta namba ya muuza madafu.

Kwa hiyo huyo ndugu yako wa chuo na Facebook yake mwambie apumue kwanza. Damu yake ni changa na nia yake naipenda, hawa vijana wamechoka na haya mambo na wana haki ya kuchoka. Ila akirusha hiyo picha, ndani ya saa moja mtaa mzima utakuwa kibandani kwa Mama Viazi, na hakuna atakayekwenda pale barabarani kumuuliza afande. Nawe jina lako limo, hata akilifuta kwa rangi watu wataunganisha, si umeniambia mtaa ukichemua unajibiwa? Usimtumie. Hiyo tu ndo nakuomba waziwazi kwa sasa, kwa sababu ikishatoka hairudi, mengine yote yanaweza kungoja.

Kitu ambacho hakiwezi kungoja sana ni kumbukumbu zako. Chukua daftari, si simu, andika siku, saa, mahali, alivyoonekana, alivyosema neno kwa neno, kama kulikuwa na gari ya polisi pembeni andika namba kama unaikumbuka. Usiamue lolote, andika tu ukaweke. Ukiamua mwakani kwamba utasema, utakuwa na la kusema kuhusu yeye na si kuhusu jirani yako peke yake.

Chama nako naona umelichanganya na hili lakini mimi nalitenga. Pesa za wanawake 12 kukaa kwenye namba ya mtu mmoja binafsi, pamoja na mauzo yake ya viazi na sasa na hizo za afande, hata angekuwa malaika hiyo si sawa. Siku simu yake ikiibwa mtalia wote. Akifa leo, Mungu amuepushe, mtaanza kubembelezana na warithi. Hilo unaweza kulileta Alhamisi bila kumtaja mtu, useme jamani tufungue akaunti ya chama, watia sahihi watatu, kila mtu aone. Ukilisema hivyo hujamshtaki mtu. Na mimi nitakuambia ukweli, nina hamu ya kujua uso wake utakuwaje ukilisema. Anaweza kukuunga mkono haraka kuliko wote. Mtu aliyebanwa hufurahi akipewa sababu ya kusema "hii namba siku hizi sitaki kupokelea pesa za watu", na hata kwa askari anaweza kuitumia.

Kutoka chamani kimyakimya, nitakuuliza tu utasema sababu gani. Kumi na moja wataanza kubuni, na hakuna watakachobuni kitakuwa kizuri kwako wala kwake. Na hiyo 12,000, sijui nikwambie nini, ukiipokea wiki tatu zijazo utaiona ina harufu, ukiiacha Idi itakuja bila mzigo na watoto wako hawahusiki na haya. Kumbuka lakini kwamba hizo ni elfu zenu, mlizichanga wenyewe wiki kwa wiki. Hazijageuka kuwa za askari kwa kukaa nyumba moja nazo.

Na kunyamaza, kama anavyotaka bwanako. Sitamdharau, mwanamume anaogopa mkewe asilale ndani, hiyo ni mapenzi ingawa imetoka kwa ukali. Kunyamaza ni chaguo na wengi wetu ndo tumelichagua, mimi mwenyewe nina yangu niliyoyanyamazia kwenye barabara hiyohiyo ya Malindi na siku ile sikuwa hata na kosa. Ila kwako wewe kunyamaza kuna ada ya kila wiki, kila Alhamisi unaandika ile namba. Kaa na bwanako tena, si ubishane kama uripoti au usiripoti, mwambie tu kwamba huli viazi na hulali. Nadhani amesikia habari ya polisi hajasikia hiyo.

Unaweza kufanya moja, unaweza kufanya mawili, unaweza kuanza na chama halafu uone uso wa mama ndo ujue kama utakwenda kwake usiku au hutakwenda. Huna haraka ya kumhukumu, amekuwa jirani yako miaka yote hii, anaweza kuwa jirani yako wiki mbili zaidi ukimtazama vizuri. Mpitie hata kesho. Si lazima ununue, msabahi tu kisha umuangalie machoni, uone nani kati yenu atakayeinamisha kwanza.

Uniandikie baada ya Alhamisi. Na hiyo indiketa mwanangu ibadilishe leo, ni balbu tu, na bima uilipe kabla mwezi haujaisha, maana akikusimamisha tena huyu, au mwenzake, sitaki uwe na kosa hata moja la kuzungumzia.

Somo wako